Mkwe Alipokanyaga Ufuko wa Kandoziwa

Paukwa!

Pakawa!

Niseme nisiseme?

Sema!

Mwenye usingizi?

Akalale kwao!

Mwenye masikio?

Asogee hapa!

Basi sogeeni. Na wewe uliyekaa kule nyuma, ganda la muhogo uliloliangusha nimeliona. Liokote kwanza, maana ngano yenyewe inakuhusu.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuposana kama sisi, palikuwa na mji kando ya ziwa. Mji huo uliitwa Kandoziwa. Humo alikaa Kiboko, ambaye ndiye aliyekuwa jumbe. Alikaa Fisi, alikaa Ngiri, alikaa Kanga. Alikaa na Kima, muuza mahindi ya kuchoma na mpiga ngoma wa mji. Chini kabisa, pale maji yanapogusa mchanga, alikaa Mama Fisimaji na binti yake mmoja tu, Siwema.

Wanyama wa Kandoziwa walikuwa wasafi. Msicheke, nasema kweli! Kila alfajiri kila mmoja alishika fagio lake akafagia uwanja wake. Alianzia mlangoni, akashuka, akashuka, mpaka pale mteremko unapoanza. Hapo akazisukuma taka mara moja, puu! Zikaporomoka zenyewe mpaka ufukoni.

"Ziwa litameza," alisema, kisha akaingia ndani kunywa uji.

Fisi alisukuma mifupa. Ngiri alisukuma maganda ya viazi. Kanga alisukuma vigae na makopo. Kima alisukuma magunzi. Viwanja vyote vikang'aa. Lakini ziwa halikumeza kitu. Lilizichezea taka kidogo, likachoka nazo, likazirudisha mbele ya nyumba ya Mama Fisimaji.

Mama Fisimaji alizoa leo, akazoa kesho, akazoa keshokutwa. Akilalamika, Kima alimwambia, "Ufuko si wa mtu, bi mkubwa. Kama ulitaka uwanja, ungejenga huku juu kama wenzako."

Sasa sikilizeni vizuri. Siwema alichumbiwa. Alichumbiwa na kijana wa fisimaji wa kisiwa cha ng'ambo, na Siwema alimpenda kijana yule mpaka chakula kikawa hakimpiti kooni.

Jamaa wa kisiwa kile wana desturi yao. Siku ya kuleta mahari, mzee wa ukoo hutoka majini akatembea pekupeku, bila kusema neno, mpaka mlangoni kwa bibi harusi. (Msiniulize siku nyingine alivaa viatu gani, mimi sikuwepo.) Akifika na nyayo safi, ndoa imekubaliwa. Akisimama njiani kufuta mguu, wote wanarudi kwao. Na wanakuja mara tatu tu, kila baada ya siku saba. Mguu ukichafuka mara ya kwanza, wanasema ni bahati mbaya. Mara ya pili, wanasema ni uzembe. Mara ya tatu, wanasema ni dharau, na posa inakufa hapo hapo.

Siku ikafika. Mzee Makoja, babu yake bwana harusi, akaibuka majini na jamaa zake nyuma. Kima akapiga ngoma, ndi! ndi! ndi! Mji mzima ukaimba. Nanyi iitikieni:

*Kanyaga, mkwe, kanyaga,*
*Huku ndiko kwetu!*
*Kanyaga, mkwe, kanyaga,*
*Hapana mwiba kwetu!*

Mzee Makoja akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, chwa! Mfupa ukamchoma unyayo.

Akasimama. Akainua mguu, akaufuta. Akageuka, akaingia majini, na jamaa zake wakamfuata.

Siwema alilia. Mama Fisimaji hakulia. Alipanda mteremko akapiga hodi kwa Jumbe Kiboko, na jumbe akaita baraza.

"Taka za ufukoni ni za nani?" akauliza jumbe.

Fisi akasema, "Mimi simo. Njooni muone uwanja wangu ulivyo safi."

Ngiri akasema, "Mimi simo. Njooni muone uwanja wangu ulivyo safi."

Kanga akasema, "Mimi simo. Kwangu mnaweza kula ugali chini bila sahani!"

Mama Fisimaji akasema, "Kweli nyani haoni kundule." Kima akanuna, akidhani kasemwa yeye na ukoo wake.

Lakini Kima alikuwa na maneno. "Jamani, ya nini kujichosha? Mkwe akija tena, tutandike mikeka juu ya taka. Ataona mikeka, hataona taka."

Wote wakashangilia. Mnajua shauri lisilo na jasho linavyopendwa! Mama Fisimaji akasema, "Taka zikifunikwa zitabaki pale pale, jumbe wangu." Hakusikilizwa. Mikeka ya rangi ikaletwa, ya kijani na ya zambarau, ikatandikwa kuanzia majini mpaka mlangoni kwake.

Mzee Makoja akaja mara ya pili. Ngoma ikalia, ndi! ndi! ndi! Imbeni basi:

*Kanyaga, mkwe, kanyaga,*
*Huku ndiko kwetu!*
*Kanyaga, mkwe, kanyaga,*
*Hapana mwiba kwetu!*

Akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, mkeka ukadidimia, chubwi! Maganda yaliyooza yakampokea mpaka gotini. Maji meusi yakaruka, nzi wakatoka kwa kundi wakamsalimia mzee wa watu usoni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzee akaufuta mguu, akageuka, akaenda zake.

Siku hiyo Siwema alimwambia mama yake, "Mama, basi. Sitaki tena kuolewa. Sitaki uende kuwapigia magoti watu wanaokucheka."

"Mwanangu," mama akasema, "imebaki mara moja na siku saba. Sitapiga magoti. Nitawasifia."

Alfajiri akampata Fisi ndio kwanza anashika fagio. "Jirani, hakuna anayefagia kama wewe," akamwambia. "Nakuomba usiache. Fagia vilevile unavyofagia kila siku, ila leo anzia majini, umalizie mlangoni kwako."

Fisi akacheka. "Kwani kuna tofauti gani? Kufagia ni kufagia."

Akaenda kwa Ngiri, akamwambia hivyo hivyo. Akaenda kwa Kanga, akamwambia hivyo hivyo. Na mwenye sifa ya kufagia hakatai kutazamwa. Wakashuka wote ufukoni wakaanza, huyu akimkodolea jicho yule asije akapitwa.

Walifagia wakipanda. Na kila mmoja alijua vyake, akavisukuma vyake. Jua lilipokuwa utosini Fisi akafika mlangoni kwake. Mbele yake palikuwa na rundo la mifupa refu kuliko yeye.

"Hii yote yangu?" akauliza.

"Yako, jirani," akasema Mama Fisimaji.

Ngiri akafika mlangoni kwake, maganda yakafika dirishani. Kanga akafika kwake, vigae na makopo vikafunika mlango, watoto wake wakawa hawana pa kutokea. Hakuna aliyecheka. Aibu iliwashika.

Jumbe Kiboko ndiye aliyetangulia. Alichukua jembe, akaanza kuchimba shimo nyuma ya nyumba yake. Fisi naye akachimba, akafukia mifupa. Ngiri akafukia maganda, akapanda maboga juu yake. Kanga hakufukia. Vigae akavipanga, akavishindilia njiani mpaka njia ikawa ya marembo. Makopo akayatia udongo, akapanda maua, akayapanga safu mbili mpaka mlangoni kwa Mama Fisimaji.

Hapo ndipo mji uliposhikwa na wazimu mzuri. Ngiri alipoona maua ya Kanga, akapanda yake. Fisi alipoona ya Ngiri, akapaka ukuta wake chokaa. Siku ya sita wakasimama ufukoni wakashangaa. Kumbe mchanga wao ni mweupe! Walikaa pale miaka yote na hawakujua. Wakawa wanapita huku na huku bila shughuli yoyote, kutazama tu, vifua mbele. Na mimi ningekuwepo ningetembea nao, kwa nini nisijivune?

Kima je? Kima alifagia magunzi yake kwa sababu wote walikuwa wanatazama. Kuchimba shimo akaona uvivu. Akafungua ngoma kwa chini, akashindilia magunzi yote ndani, akafunika kwa kitambaa. "Nani atachungulia ngoma?" akasema, akajicheka mwenyewe.

Siku ya saba Mzee Makoja akaibuka majini. Hii ndiyo ya mwisho. Siwema alisimama mlangoni, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake.

*Kanyaga, mkwe, kanyaga,*
*Huku ndiko kwetu!*

Mzee akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu! Akapiga ya kumi! Mji ukaimba kwa nguvu. Lakini ngoma haikulia ndi! ndi! Ililia bwe! bwe! Watu wakageuka kumtazama mpigaji. Kima akatahayari, akaipiga kwa nguvu zote, na kitambaa kikapasuka. Magunzi yakamwagika, yakabingirika mteremkoni, na moja likaja kusimama chini ya mguu wa Mzee Makoja.

Mguu ulikuwa juu. Wimbo ukakatika. Siwema akafumba macho.

Fisi akainama kuliokota. Ngiri akainama. Kanga akainama. Jumbe Kiboko, na tumbo lake lile, akainama. Wote kwa pamoja! Vichwa vikagongana, ko! ko! ko! Na katikati yao Kima akajitupa kifudifudi mchangani, akalinyakua gunzi, akalikumbatia.

"Ni langu!" akalia. "Mzee wangu, nisamehe, usiwalaumu hawa. Ni langu mimi!"

Mzee Makoja akautua mguu wake kwenye mchanga mweupe. Akatembea mpaka mlangoni. Akainua unyayo wa kulia, akautazama. Akainua wa kushoto, akautazama. Kisha akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Nimeposea vijana tisa katika miji tisa," akasema. "Taka huanguka kila mji. Lakini mji mzima kuinamia gunzi moja, jumbe na raia wake, sijauona ila huu. Mama mkwe, mtoto uliyemlea hapa ndiye tunayemtaka."

Vigelegele! Ngoma haikuwepo tena, wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kima alicheza kuliko wote. Kisha, bila kutumwa, akaenda kuchimba shimo lake.

Mafunzo ya ngano hii ni haya. Ukifagia kwako ukamsukumia jirani, hujasafisha, umehamisha uchafu tu. Na mji haupendezi kwa sababu hakuna kinachoanguka. Unapendeza kwa sababu kila mwenyeji yuko tayari kuinama.

Ngano yangu nimeifikisha mlangoni. Iliyo tamu ni yenu, nendeni nayo. Iliyo chachu niachieni mimi, nimeizoea.