Nifuate Mimi, Taa Zinawaka

Ndugu zangu, wengi wenu mmepita kwenye ukungu kuja hapa asubuhi hii, nawaona wengine bado mmejifunga mitandio mpaka puani. Basi kaeni vizuri. Nataka kuwapa habari ya mzee mmoja na gari lake, na nawaomba msimcheke mapema, maana sina hakika kama mwisho wake tutamkuta yuko peke yake.

Palikuwa na mzee, tumwite Mzee Anyandwile, aliyestaafu kazi ya serikali akarudi kukaa kwake Tukuyu na migomba yake. Watoto wake walimnunulia gari, lile la kutoka Japani, limetumika lakini limetunzwa. Mzee alilipenda. Alilifuta vumbi hata siku ambazo hakuwa na safari.

Lakini wiki ya kwanza gari lile lilimchanganya kichwa. Kila alipotoka mchana kweupe, watu barabarani walimnyooshea mikono, wakifumba vidole na kuvifumbua. Mnaijua ishara hiyo. Maana yake, mzee, umesahau kuzima taa. Mzee anasimama pembeni, anazungusha swichi huku, anaizungusha kule, anashuka kuangalia: taa zinawaka. Anazima gari, analiwasha tena: taa hizo hapo. Anaondoka, mbele kidogo mwingine anamfumbia vidole. Alirudi nyumbani siku hiyo amechoka kama mtu aliyelima.

"Baba Tusekile," mke wake akamwambia, "hilo gari lina mambo yake. Lipeleke kwa fundi."

Akalipeleka. Fundi hata boneti hakufungua. Akamwambia, "Mzee, haya magari ndivyo yalivyo. Ukiwasha injini tu, taa za mbele zinajiwasha zenyewe, hata mchana, ili wanaokuja mbele yako wakuone. Usihangaike nazo."

Mzee akapumua. Kumbe hakuna ubovu! Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Fundi alisema taa za mbele. Mzee alisikia taa. Akaondoka pale na furaha yake kwamba ana gari lisilokosa taa, na tangu siku hiyo hakuigusa tena ile swichi. Usiku hakuendesha, macho yalishaanza kuchoka. Kwa hiyo hakupata sababu ya kujua zaidi.

Ikaja Pasaka. Binti yake Tusekile, muuguzi kule Mbeya, akaja na wanawe wawili kusherehekea na wazee. Alikuja na kigari chake kidogo cheupe, naye hakuwa mzoefu sana wa usukani. Jumatatu asubuhi wanaamka, ukungu umelala juu ya kila kitu. Migomba ya uani haionekani.

"Baba, si tungesubiri upungue?"

"Huu haupungui leo, mwanangu. Na wewe kesho una zamu. Nitakutangulia mpaka Uyole, kule chini kutakuwa kweupe. Wewe nifuate mimi tu. Shika taa zangu za nyuma, usiangalie kitu kingine."

"Sawa, baba."

Je, kuna neno zuri kuliko hilo mzazi analoweza kumwambia mtoto? Nifuate mimi. Alilisema kwa upendo kabisa.

Wakaondoka. Mpaka Kiwira hapakuwa na shida, gari la baba lilionekana lote, hata bila taa. Lakini walipoanza kupanda, ukungu ukawa mzito, barabara ikabaki kipande kifupi cha lami mbele ya pua ya gari. Mzee akatazama kioo cha ndani: taa mbili za Tusekile ziko nyuma. Zikammulika, zikazima, zikammulika tena. Mzee akatabasamu. Akasema moyoni, anataka nijue kwamba yupo. Akapiga honi, pii! Taa zikamulika tena, mara nyingi, kwa haraka. Mzee akapiga honi nyingine, ingawa sasa alianza kukereka kidogo. Huyu mtoto anachezea nini taa kwenye ukungu?

Mahali fulani barabara ilikuwa inatengenezwa, magari yanapishana polepole. Lori lililotoka Mbeya likasimama ubavuni kwake, dereva akateremsha kioo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hongera kwa kuwasha taa! Nimekuona toka mbali. Wengine huko wanakuja kama vivuli, unashtukia umefika usoni pao."

"Mimi hazizimiki, mwanangu," Mzee akajibu, na moyo wake ukajaa.

Hakwenda mbali. Ghafla bodaboda ikatokea nyuma, ikampita karibu mno, yule kijana akageuza shingo akapiga kelele.

"Mzee, washa taa! Nusura nikuvae!"

"Macho huna?" Mzee akafoka dirishani. "Taa zinawaka safari nzima!"

Kijana akazitazama zile taa za mbele zinavyowaka, akakunja uso kama mtu aliyeulizwa hesabu asiyoijua, akatikisa kichwa, ukungu ukammeza.

Mzee akabaki na fadhaa. Huyu anasema ziko, huyu anasema haziko. Akatazama dashibodi: inang'aa. Akatazama mbele: ukungu mweupe, unamulikwa. Nani kati ya wale wawili ana wazimu? Nawauliza ninyi, mngemwamini yupi? Mmoja amekuamkia shikamoo, amekupongeza. Mwingine amekufokea bila salamu. Naona mnacheka. Mnajua mngemwamini nani. Na Mzee akamwamini huyo huyo.

Akaendelea. Kila akitazama kioo, taa mbili ziko nyuma yake, sasa zimetulia, hazimuliki tena. Akafurahi kwamba mtoto amezoea. Akaimba kidogo. Wakateremka, ukungu ukaanza kupasuka, Uyole ikaonekana na mabati yake. Mzee akaegesha pembeni ili aagane na binti yake na wajukuu. Lile gari la nyuma halikusimama. Likampita. Ndani alikuwamo mwanamume asiyemfahamu, na kreti za soda.

Mzee akasimama barabarani, anatazama alikotoka. Huyu ameingia saa ngapi nyuma yangu? Na Tusekile yuko wapi? Akapiga simu. Inaita tu. Akapiga tena. Akageuza gari.

Ndugu zangu, kuna safari fupi ambayo ni ndefu kuliko zote, nayo ni ile unayorudi kumtafuta mtoto uliyemwambia akufuate. Alirudi kwenye ukungu ule akiwa amekaza macho kwenye kioo cha mbele, kila kivuli ni kigari cheupe, kila kivuli si chenyewe. Mpaka akaona watu wamesimama kando, mahali ambapo njia ya mashamba inaiacha lami. Akaliegesha gari pale pale, injini inaunguruma, akashuka.

Hatua chache ndani ya ile njia palikuwa na magogo yaliyolazwa juu ya mtaro. Kigari cha Tusekile kilikuwa kimetumbukiza pua mtaroni, matairi ya nyuma yako hewani. Wajukuu walikuwa wamekaa juu ya magunia ya viazi, mama mmoja wa shambani amewafunika kanga yake. Mkubwa alikuwa amebana kitambaa juu ya jicho, damu imepenya. Tusekile alikuwa amesimama, ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

Mzee akawapapasa watoto vichwa, mmoja mmoja. Alipoona wanapumua, wanalia, wanamwita babu, hofu ikamtoka, na mnajua hofu ya mzazi ikitoka kinachoingia.

"Tusekile, ilikuwaje ukaacha barabara? Si nilikwambia unifuate?"

"Nilikuwa nakufuata, baba. Mbona ulizima taa?"

"Sikuzima."

"Nilikumulika uwashe. Nikakumulika tena. Ukawa unanipigia honi." Akageukia barabarani. "Nilikuona unapokanyaga breki tu. Nyekundu inatokea, inapotea. Inatokea, inapotea. Halafu nikaona nyekundu mbele, zinawaka, hazizimiki. Nikasema, Mungu asante, baba amewasha. Nikazifuata. Zikakata kushoto, na mimi nikakata."

Ilikuwa pikapu iliyoingia barabarani katikati yao, ikienda shambani kupakia viazi. Dereva wake aliyajua yale magogo. Tusekile hakuyajua.

"Mwanangu, taa zangu zinawaka!" Mzee akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba. "Hizo hapo! Tazama!"

Tusekile akatazama. Kweli, gari la baba limeelekeza uso kwao, na macho yake mawili yanang'aa kwenye ukungu. Hata yeye akachanganyikiwa. Akaanza kujiuliza kama aliota. Watu wale nao wakatazama, wakasema, ee, zinawaka, mama, mzee hasemi uongo.

Tusekile akaenda hivyo hivyo, ameushika mkono wake, akalipita gari ubavuni, akasimama nyuma yake.

"Baba," akaita kutoka kule. "Njoo usimame huku."

Mzee akaenda. Akafika nyuma ya gari alilolifuta vumbi kila siku, injini inaunguruma, mbele kunang'aa, na nyuma kulikuwa kweusi. Hakuna hata cheche. Tangu alipopewa gari lile hakuwahi kusimama pale likiwa limewashwa. Nani husimama nyuma ya gari analoendesha mwenyewe? Akanyoosha kiganja akagusa kioo cha taa. Kilikuwa cha baridi, kimeloa ukungu.

Akarudi mlangoni, akainama ndani, akazungusha ile swichi mara moja. Alipoinuka, aliuona uso wa binti yake umekuwa mwekundu kwa mwanga, na machozi juu yake.

Mkono wa Tusekile ulifungwa, ukapona. Mtoto amebaki na kovu dogo juu ya jicho. Tumshukuru Mungu.

Sasa niambieni, nani alidanganya? Dereva wa lori? Hapana, aliziona. Kijana wa bodaboda? Hapana, hakuziona. Mzee? Hata yeye hapana. Nami nataka mlione hilo, kwa sababu tumezoea kuhubiri juu ya wanafiki, na tukisikia neno mnafiki kila mmoja anamwangalia jirani yake. Mzee huyu hakuwa mnafiki. Taa zake za mbele zilikuwa za kweli.

Na sisi, zetu ni za kweli. Wanaokutana nasi hapa, kwenye kwaya, kazini, kwenye misiba ya watu, wanatuona toka mbali na wanatushukuru. Lakini sisi pia tuna wanaotufuata. Yuko mke, yuko mume, wako watoto, yuko binti anayetupikia. Hao hawaoni uso wetu unaong'aa. Wanaona mgongo. Mtoto wako anakuona lini, ndugu yangu? Unapokanyaga breki. Usiende. Acha hiyo. Nyamaza. Nyekundu inatokea, inapotea, giza linarudi. Akitumulikia tunampigia honi, tunadhani anatusalimu. Akija mtu akatuambia nyumbani kwako kuna giza, tunamfokea, macho huna?

Halafu siku moja anamfuata mtu mwingine, nasi tunakaa tunalia kwamba dunia imemharibu. Dunia gani? Yule wa pikapu hakumwita Tusekile. Wala hakumjua. Alikuwa anaenda zake kuchukua viazi, na taa zake za nyuma zilikuwa zinawaka, basi.

Leo tukitoka hapa tutashikana mikono mlangoni na kuambiana maneno mazuri, na yatakuwa ya kweli. Yapokee. Ila ukifika nyumbani, kabla chakula hakijapakuliwa, mwite mmoja tu kati ya wanaokufuata, umuulize: mimi ninaonekana kwako? Akisema hapana, usimwonyeshe taa za mbele. Nenda ukasimame pale anaposimama yeye, uangalie.