Ushahidi Mbele ya Jeneza la Sheikh Nassibu

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba palikuwa na zawia moja, nyumba ya ibada na dhikri, ambayo mkubwa wake, Sheikh Nassibu, akimkasirikia mtu, basi mtu huyo hususwa. Hasalimiwi, wala haitikiwi hodi. Na wafuasi walimtii wakidhani wanamtii Mungu. Subhanallah!

Siku moja Bi Mize, naye mja mzito, alimuuliza sheikh kwa adabu kwa nini mabinti wa watu waozwe kwa amri yake bila ridhaa yao. Akasuswa. Uchungu ulipomshika, mumewe, Shaame, alizunguka mtaa mzima mchana kweupe akibisha hodi, akimtafuta mkunga. Watu walikuwamo ndani, na walimsikia. Bi Mize akafa na mwanawe tumboni.

Shaame alisubiri. Hakulipiza, hakutukana, wala safu ya swala hakuiacha.

Miaka ikapita, sheikh akafariki. Jeneza likawekwa mbele ya watu, na naibu wake, Maalim Faki, akauliza kama ilivyo ada: "Mnamshuhudia nini maiti huyu?"

Wakaitikia kwa pamoja, "Kheri."

Shaame peke yake akasema, "Mimi sina kheri ya kumshuhudia. Mke wangu alikufa kwa amri yake."

Wakamsihi amsamehe, maiti asicheleweshwe. Akawajibu kwamba radhi huombwa na aliyekosa, na sheikh alikuwa jirani yake miaka yote ile, wala hakuiomba. Basi wakamzika bila radhi hiyo.

Ijumaa iliyofuata walitaka kumkalisha Maalim Faki mahali pa sheikh. Yeye akaketi chini, pale pale lilipowekwa jeneza, akasema, "Niulizwe nikiwa hai. Mnanishuhudia nini?"

Wakaitikia kwa mazoea, "Kheri."

Maalim akalia. "Mkunga alikuwa mke wangu," akasema. "Alikwisha kujitanda ushungi atoke. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikamzuia."

Akamgeukia Shaame, akamwomba radhi. Shaame akasema, "Nimekusikia, maalim. Kukusamehe bado sijaweza. Mahali pa sheikh usipakalie."

Naye hakupakalia mpaka kufa kwake.

Ndugu zangu, kisa hiki kinanichoma. Sheikh Nassibu ni rahisi kumlaumu, keshakufa. Lakini hodi ile ilisikiwa na mtaa mzima, na kila aliyenyamaza ndani ana swali lake mbele ya Mola. Sheikh hatamjibia.