Bi Sange na Samaki Aliyefunga Mdomo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani wa kuombana chumvi, palikuwa na ziwa lililoitwa Usingizi. Liliitwa hivyo kwa sababu lilikuwa zito kuamka. Jua lilichomoza, ndege wakachoka kuimba, nalo ziwa bado limejifunika ukungu mweupe gubigubi.

Mwezi mmoja katika mwaka, ukungu huo ulizidi. Na mwezi huo ndio sato walikuwa wakilea. Sato halei kama kuku, wanangu. Hana kiota, hana mbeleko. Watoto wake huwaweka mdomoni! Wadogo kama punje za mtama, mamia yao, wamejilaza humo ndani gizani, na mama hali, hasemi, hapigi hata mwayo, mpaka wapate nguvu ya kuogelea wenyewe.

Ndiyo maana Kiboko, mkuu wa ziwa, alitoa sheria. "Mwezi wa ukungu, asivue mtu! Atakayevua atanyang'anywa wavu na samaki. Na samaki akiwa hai, arudishwe majini papo hapo."

Wa kuisimamia sheria hiyo akamweka Mamba, na watu wote wakamwita Bwana Samaki.

Lo, kazi aliipenda! Hakuna mvuvi aliyemponyoka. Ila samaki aliowanyang'anya wavuvi, hakuna aliyewaona tena. Akiulizwa alijibu, "Wako stoo."

"Stoo iko wapi, Bwana Samaki?"

"Katikati ya ziwa, chini kabisa. Unataka kwenda kuhesabu?"

Nani angezama huko? Watu walinyamaza, na kitambi cha Bwana Samaki kikanawiri.

Basi asubuhi moja ya mwezi huo, Fisi alitoka matopeni akivuta wavu. Ulikuwa wavu wa matundu madogo, usioacha hata kiluwiluwi. Alivuta, hee! Akavuta, hee! Ndani yake akatokea sato mmoja mkubwa, magamba yake yaking'aa kama sahani iliyooshwa.

"Leo ni leo!" Fisi akacheka. "Hii hii hiii!"

Kucheka huko ndiko kulikomponza. Maji yalipasuka, chwaaa! Mamba akatokea.

"Fisi! Mwezi gani huu?"

"Mwezi wa… wa kwanza? Bwana mkubwa, mimi nilikuwa nafua tu. Samaki ameingia mwenyewe kwenye nguo."

"Nguo yenye matundu?"

"Ni kuukuu, bwana mkubwa."

"Weka chini!"

Fisi akaweka. Kisha akasogea karibu, akanong'ona, "Tugawane, bwana mkubwa. Wewe kichwa, mimi mkia. Ukungu wote huu, nani anatuona?"

Aliyewaona alikuwa Bi Sange.

Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, kimo cha panya, miguu myembamba kama njiti, na pua ndefu inayochezacheza kama imepotelewa na kitu. Bi Sange alikuwa akifagia njia yake, fya fya fya, maana sange hapendi jani lilale njiani kwake. Nyumbani alikuwa ameacha mapacha wake wawili wamelala, mmoja ameegemea shingo ya mwenzake.

Akasimama na ufagio mkononi. Akamwona yule sato ametandazwa kwenye nyasi, matamvua yakipanda na kushuka, mdomo umefumbwa kwa nguvu zote. Hakulia. Hakuomba. Angefungua mdomo kusema "nihurumieni", watoto wake wangemwagika mchangani. Na pembeni mwa mdomo huo Bi Sange akaona kijicho kimoja, kidogo kuliko ncha ya sindano, kikichungulia nje na kurudi ndani.

Bi Sange alitaka kupiga kelele. Lakini mwenye nguvu za njiti akipiga kelele mbele ya mwenye meno, kesho nani atafagia njia? Akaweka ufagio chini, akachota maji kwa kata yake, akaja mbio.

"Shikamoo, Bwana Samaki!"

"Marahaba," Mamba akajibu kwa uzito.

"Hongera kwa kazi! Ngoja nimmwagie maji huyu mshitakiwa." Akammwagia sato, chururu. "Akikauka ataharibika, na kitu cha serikali hakiharibiwi."

"Kweli," Mamba akasema, maana na yeye hakupenda samaki mkavu.

Kwa sauti ya Bi Sange, wengine wakaanza kujitokeza ukunguni, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka ndotoni: Korongo na ndoo yake, nyani wawili, swala na mwanawe. Fisi akajifanya anakunja nguo.

"Samaki yu hai," Korongo akasema. "Sheria inasema arudishwe."

Mamba akamtazama Korongo. Korongo akatazama ndoo yake.

"Sheria naijua mimi," Mamba akasema. "Huyu ni ushahidi. Nampeleka stoo!"

"Hapo umesema, Bwana Samaki!" Bi Sange akadakia. "Lakini atasindikizwa na nani? Mzigo mkubwa kama huu, bila karani? Watu wenye midomo watasema umemla njiani."

"Nani atasema?" Mamba akanguruma.

"Mimi siwataji. Niruhusu nikae mgongoni kwako, nishuhudie stoo kwa macho yangu. Nikirudi niwaambie hawa wote: nimeiona! Wataona aibu."

Mamba akafikiri. Alifikiri polepole, kwa meno. Samaki mmoja na karani mmoja, akajiambia. Chakula cha asubuhi na kitoweo juu. Kule katikati nani atasikia?

"Panda," akasema.

Akamwokota sato kwa ulimi, akafumba taya. Bi Sange akaruka mgongoni. Wakaingia majini, na ziwa likawafunika na shuka lake jeupe.

Ee, wanangu, kulikuwa kimya! Maji hayakuonekana, mbingu haikuonekana. Mamba alikwenda bila mshindo, na Bi Sange akahisi kama wanapita angani, juu ya wingu, wakiwa wamelala. Chini yake kulikuwa na mdomo mkubwa uliofungwa, na ndani ya mdomo huo mdomo mdogo uliofungwa, na ndani ya mdomo mdogo mamia ya watoto wasiojua kitu, wakiota ndoto zao za maji.

Kutoka ufukweni Korongo akaita, "Bi Sangeee! Upooo?"

"Nipooo!"

Punde akaita tena. Sauti ilikuwa mbali, nyembamba kama uzi. Bi Sange akajua mara ya tatu hataisikia. Na Mamba alijua pia, maana mkia wake ulianza kutikisika kwa furaha.

Walikuwa wanapita kwenye matete ya mwisho, yale yanayoota peke yao kabla ya kina kirefu. Bi Sange akanyoosha mkono, akavunja tete moja kavu, lenye tundu, tiki! Akaliingiza kwenye ile pua yake ndefu, akageukia nyuma, akapuliza kwa pumzi zake zote.

"BOOOOOO! NANI ANAPITA?"

Ndani ya ukungu sauti haina kwao. Ilitoka mbele, ikatoka nyuma, ikatoka chini ya maji. Mamba akaganda. Duniani kote alimwogopa mmoja tu.

"Ni Mkuu!" Bi Sange akanong'ona. "Bwana Samaki, ni Kiboko mwenyewe! Itika!"

"Mm," Mamba akasema.

"BOOOO! NANI, NIMEULIZA!"

"Mm! Mm-mm!"

"MM NI NANI? MIMI SINA MTUMISHI ANAYEITWA MM!"

Mamba akatetemeka mpaka maji yakafanya viduara. "Bi Sange," akajaribu kusema kwa pua, "mjimbu wewe."

"Nimjibu mimi?" Bi Sange akashtuka. "Mkuu anamwita mkubwa, ajibu mdogo? Utaniponza, bwana wangu!"

"ANAYEPITA BILA KUITIKA NI MWIZI! NAKUJA HUKO! NA MENO YANGU NAKUJA NAYO!"

"Ni mimi, Mkuu!" Mamba akapiga ukelele, taya zikafunguka wazi kama mlango. "Ni Mamba, mtumishi wako! Usije, Mkuu, usisumbuke!"

Chubwi!

Mama Sato akateleza kutoka kwenye ule ulimi, akazama. Akashuka kwenye maji ya kijani, kisha ya buluu, kisha ya rangi isiyo na jina. Hakuangalia nyuma. Alipofika kwenye nyasi laini za chini, akatulia, akasikiliza. Hapakuwa na mtu. Ndipo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Watoto wakatoka kama moshi mwembamba wa fedha, wakamzunguka kichwani, wakacheza, na alipotikisa pezi wakarudi ndani wote.

Juu, Mamba alipapasa kinywa chake kwa ulimi. Kulia, hakuna. Kushoto, hakuna.

"UMEBEBA NINI, MAMBA?"

Angesema nini? "Si… sijabeba kitu, Mkuu!"

"NA MGONGONI?"

"Karani, Mkuu. Karani tu!"

"MRUDISHE KWAO SASA HIVI. AKIFIKA NA TONE LA MAJI HATA KWENYE NCHA YA PUA, TUTAONANA!"

"Ndiyo, Mkuu! Ndiyo, Mkuu!"

Wanangu, hajapata kuendeshwa mtu kwa heshima kama Bi Sange alivyorudishwa siku ile. Mamba alikwenda polepole, kichwa chini, akipanda wimbi kwa adabu, akishuka wimbi kwa adabu. Na njia nzima Bi Sange alikuwa ameshikilia tete lake kwa miguu yote minne, maana alikuwa anatetemeka, na Mamba alidhani ni baridi.

Wakafika. Bi Sange akaruka mchangani, mkavu kama unga.

"Stoo mmeiona?" Korongo akauliza.

"Ushahidi umehifadhiwa," Mamba akajibu upesi. "Mkuu mwenyewe tumeonana naye kule. Kila kitu kimekwenda sawa."

"Mkuu yupi?" ikauliza sauti nzito nyuma yao.

Nyasi ndefu zikafunguka, kwachu kwachu. Kiboko akatokea, macho yamevimba kwa usingizi, shada la majani limening'inia mdomoni. Akapiga mwayo uliowaambukiza wanyama wote mmoja baada ya mwingine.

"Mmepiga kelele mpaka nimeamka," akasema. "Kuna nini?"

Mamba akamtazama. Akatazama ziwa. Akamtazama tena. "Mkuu… si ulikuwa kule katikati?"

"Mimi? Nimelala hapa nyasini tangu nilipotoka kula."

Mmoja wa wale nyani wawili akaanza kucheka, akazibwa mdomo na mwenzake. Mamba akageuka kumtafuta Bi Sange, naye tayari yuko nyuma ya mguu wa Kiboko, pua tu ndiyo inaonekana.

"Amenidanganya!" Mamba akafoka kwa hasira zilizompanda zikamfunika akili. "Kapanya hako kamenidanganya! Nilikuwa nimeshamtia samaki mdomoni, ilibaki kummeza tu! Hatua chache zaidi, na yeye pia ningemmeza!"

Hakuna aliyecheka tena. Ukungu ulikuwa unanyanyuka polepole, na kila mtu sasa alimwona kila mtu.

"Ilibaki kummeza," Kiboko akarudia taratibu. "Na wale wa mwaka jana, Mamba? Na wa mwaka juzi? Hiyo ndiyo stoo?"

Mamba akaanza kurudi nyuma, kuelekea majini. Amechelewa.

Siku ile Mamba alivuliwa kazi mbele ya wote, na jina la Bwana Samaki likapewa Korongo, kwa sharti kwamba samaki wowote atakaowanyang'anya wavuvi awarudishe majini mchana kweupe, watu wakitazama. Fisi naye, aliyekuwa ananyata na wavu wake, akashikwa mkia, akaketishwa kuufumua fundo kwa fundo, na alimaliza mwezi ukiwa umekwisha.

Bi Sange hakungoja kusifiwa. Alikimbia nyumbani, akawakuta mapacha wameamka, wanalia njaa, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja mpaka wakalalamika kwamba anawabana.

Basi, wanangu, mnaosikia, sikieni: aliyepewa sheria ailinde naye akaifanya kitoweo, mdomo wake mwenyewe ndio utakaomshitaki.