Mhanga na Majibu Matatu ya Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma mmeitikia kwa pua. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunasikilizana.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiajiriana wenyewe kwa wenyewe, nyumbani kwa Mhanga kulikuwa na ugomvi.

"Vichuguu kumi na viwili!" alifoka Mhanga. "Kumi na viwili, mama watoto! Vimejaa mchwa mpaka juu. Niviache, nikafuate vitano vya Nguchiro?"

"Vitano vya Nguchiro nimeviona kwa macho," alisema mkewe. "Kumi na viwili vya Nyati viko wapi?"

"Nimeshajibiwa!"

"Umejibiwa nini?"

 Hata Mhanga mwenyewe hakujua amejibiwa nini.

Mambo yalikuwa hivi. Mto ulikauka. Nyati akatangaza kwamba anatafuta mchimba kisima, mshahara vichuguu kumi na viwili. Mhanga kwa kuchimba hana mpinzani. Kucha zake zikigusa ardhi ni kwachu! kwachu! kwachu! na shimo limeshammeza. Akaenda, akaomba kazi, akaonyesha kucha, akarudi nyumbani kungoja.

Sasa, huko kwa Nyati kulikuwa na desturi yao. Mwombaji haambiwi "hapana." Kusema hapana kulihesabiwa ukorofi. Jibu alilibeba Yangeyange, yule ndege mweupe anayeshinda mgongoni mwa nyati, na alilibeba limevikwa adabu nyingi hata lenyewe halionekani.

Siku ya tatu, purrr! Yangeyange akatua.

"Bwana Mhanga, Mzee amepokea ombi lako kwa furaha."

Purrr! Akaenda zake.

Mhanga akamwita shemeji yake, Nungunungu, aliyejisifu kuwa anajua kufasiri maneno ya wakubwa. Nungunungu akatikisa miiba, cheke cheke cheke.

"Kwa furaha? Shemeji, umepata! Nani anamfurahia asiyemtaka?"

Akala viazi, akaondoka.

Siku ya saba, purrr!

"Mzee anasema usikae mbali."

Cheke cheke cheke. "Umesikia, shemeji? Anakutaka karibu! Anza kunoa kucha."

Akala viazi, akaondoka. Mhanga akanoa kucha.

Siku ya kumi na mbili, purrr!

"Mzee anasema kucha zako hajazisahau."

"Basi imebaki tarehe tu!" alisema Nungunungu, na safari hii akafungiwa viazi vya njiani.

Siku hiyohiyo akaja Nguchiro, kwa miguu yake mwenyewe.

"Mhanga, mvua inakuja na ukoo wangu wote unalala nje. Nichimbie nyumba. Vyumba sita, vichuguu vitano. Ndiyo au hapana?"

"Ningoje kidogo, nina jambo langu kwa Nyati."

"Nakungoja mpaka kesho, jua likifika utosini. Likipita, namchukua Kakakuona."

Huo ndio ugomvi mliousikia. Asubuhi ilikuwa imefika, Nungunungu alikuwa amesharudi, na mke wa Mhanga alikuwa amesimama mlangoni.

"Kichuguu chetu cha mwisho watoto wamekikwangua jana," alisema. "Huyu kaka yangu atafasiri na njaa?"

Mhanga akainuka aende kwa Nyati.

Mhanga akainuka aende kwa Nyati.

"Subira, shemeji," alisema Nungunungu, kiazi mdomoni. "Ukienda kuuliza, utaonekana una haraka."

"Si ninayo!" alisema Mhanga. "Kwani ni siri?"

Akaondoka. Gidi gidi gidi, mpaka kwa Nyati. Akamkuta amelala kwenye tope lililobaki. Kando yake palikuwa na shimo, na ndani ya shimo alikuwemo Ngiri, anachimba, anakohoa vumbi. Shimo lilikuwa halijafika hata magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mhanga! Karibu, kijana wetu. Kucha hazijambo?"

"Hazijambo. Nimefuata jibu langu."

"Jibu si ulipelekewa?"

"Nililetewa matatu, na hakuna nililolielewa. Kazi ninayo au sina?"

"Unajua, Mhanga, mambo haya yana..."

"Ninayo au sina?"

Yangeyange akaficha uso chini ya bawa. Kundi zima likaacha kutafuna.

"Ngiri anajaribu," alisema Nyati polepole. "Akishindwa, nitakuita wewe. Ndiyo maana nikasema usikae mbali. Nilikuwa nakutunza."

"Mtu hutunzwa kwa chakula, Mzee. Mimi umenitunza kwa salamu. Jua linapanda. Sema."

Nyati akatazama tope. Akatazama shimo.

"Hapana."

Mhanga akangoja neno hilo limuume. Halikumuuma sana. Lilikuwa neno fupi, na lilikuwa lake, angeweza kuondoka nalo.

"Ahsante, Mzee."

Gidi gidi gidi! Gidi gidi gidi! Akafika kwa Nguchiro jua likiwa utosini kabisa. Kakakuona alikuwa ameshafika, amejikunja mlangoni, anangoja. Nguchiro akatazama juu, akamtazama Mhanga.

"Vyumba sita," alisema Nguchiro.

"Vyumba sita," alisema Mhanga.

Nguchiro akamgeukia Kakakuona. "Bwana, kazi imepata mtu. Kwangu hapana. Nenda kwa Fisimaji, nasikia anatafuta mchimbaji."

Kakakuona akajikunjua, akaaga, akaenda. Mchana ulikuwa bado mrefu. Nyuma yake akasikia kwachu! kwachu! kwachu!

Funzo lake ni hili, watoto, na nyie watu wazima mnaojifanya mmesinzia. Jibu lisilosema ndiyo, lihesabu kuwa hapana, ukatafute kwingine. Na aliyeombwa kazi ana deni: anadaiwa jibu.

Hadithi yangu naitua hapo. Na wewe mkubwa uliyeketi karibu na mlango, uliyemwambia mtu "tutakuita" tangu mwezi jana: mpe jibu lake. Leo.