Fahali wa Sikudhani na Mkataba wa Polisi

Lugendo alikuwa akiiba ng'ombe upande wetu wa mpaka na kwenda kunenepea upande wa pili. Alimchukua hata fahali wa pekee wa Sikudhani, mjane muuza chapati, akamfunga mbele ya nyumba yake ya kule ng'ambo, mahali ambapo polisi wetu walimwona waziwazi. Sajini Mghanga wa kituo chetu aliishia kusaga meno. Sheria haikumruhusu kuvuka, na polisi wa kule walikuwa wageni wa kila siku wa nyama choma ya Lugendo.

Asubuhi moja Sikudhani alivuka na kikapu chake.

"Nipe fahali wangu, nikupe habari ya kukuokoa."

Lugendo alicheka. "Habari gani, mama chapati?"

"Mkataba umesainiwa. Polisi wa kwetu na wa kwenu sasa wanakamata pamoja. Wetu wameshavuka, wanakuja kukuzingira."

Kicheko kilikatika. "Wote?"

"Kituoni kwetu amebaki paka."

Lugendo alimfungua fahali kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi wanitafute huku, mimi nitakuwa kwenu," alisema, akijiona mjanja kuliko serikali mbili. Alitimua mbio hadi upande wetu, akajibanza nyuma ya kituo chetu.

Sajini Mghanga alikuwa amekaa hapohapo, anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akamtia pingu.

"Si mkataba umesainiwa?" Lugendo alifoka. "Si mmevuka?"

"Ungekuwa umesainiwa, bwana mkubwa," Sajini alijibu, "tungekufuata kwako. Asante kwa kutupunguzia safari."