Machozi ya Namsifu

Mlimsikia mchungaji akisema pale msibani, "Ganzi ya jicho haifiki moyoni," mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Ulianza hivi.

Huku kwetu Upareni aliishi mjane aitwaye Namsifu. Jicho lake la kulia lilivuja damu ndani, likazima moja kwa moja. La kushoto likafunikwa na mtoto wa jicho. Akawa anaongozwa na mdogo wake, Nakiete, aliyemshika mkono hadi kisimani na kanisani. Kisha Nakiete akaugua ghafla, akafa. Namsifu alisikia udongo ukishuka kaburini, asione kitu.

Siku ya upasuaji wa jicho la kushoto alipelekwa hospitali na jirani, ambaye alirudi mapema kwa watoto wake. Namsifu alikuwa akimeza dawa ya moyo inayofanya damu kuwa nyepesi, kwa hiyo Daktari Kihwele aliogopa kupitisha sindano nyuma ya jicho, isije ikatoboa mshipa. Akamtilia ganzi ya matone tu.

"Mama, utakuwa macho muda wote. Usikohoe, usilie. Ukijikaza, damu inaweza kuvuja ndani, na jicho ndilo hili moja."

Wakamfunika uso kwa kitambaa. Chini ya kile kitambaa, Namsifu alinyoosha mkono kama alivyozoea. Hakuna aliyeupokea. Kifua chake kikaanza kutikisika.

Daktari akaondoa kisu upesi. "Unaumia, mama? Nikuongezee ganzi?"

"Usiongeze, mwanangu. Jicho haliumi. Namlilia mdogo wangu. Ganzi ya jicho haifiki moyoni."

Daktari akaweka vifaa chini.

"Basi lia kwanza, mama. Tutakusubiri."

Akalia mpaka akatulia. Muuguzi akamshika mkono, na kazi ikaendelea. Damu haikuvuja.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, ndugu wa wagonjwa wengine walipiga vigelegele. Namsifu aliona ukuta, dirisha, na kiti kitupu kando ya kitanda chake. Akasema tu, "Naona," akafunga mzigo wake.

Alipofika kijijini hakuingia ndani. Alipita migombani peke yake hadi kaburini kwa Nakiete, akaliona kwa mara ya kwanza. Majani yalikwisha kuota juu yake. Akaketi chini, akaanza kuyang'oa.

Jicho lilikuwa limepona kabisa. Lakini ganzi ya jicho, wanangu, haifiki moyoni.