Jina na Sababu

Hapo zamani, si zile za majini na masultani bali hizi za juzijuzi za king'ora na zamu, palikuwa na kiwanda cha kamba za mkonge. Ndani yake mlikuwa na mashine moja ya kusokota, na ubavuni mwa mashine gurudumu lenye namba, la kukazia nyuzi. Ukikaza mno, kamba inaumia kwa ndani na huoni kitu. Ukilegeza mno, inafumuka.

Sasa sikieni ugonjwa wa mafundi wa pale. Zamu ya asubuhi ikiingia, inaligeuza gurudumu. Zamu ya mchana ikiingia, inaligeuza. Kuliacha pale alipoliacha mwenzako ilikuwa aibu, ungeambiwa wewe si fundi, unalinda kazi ya watu.

Siku moja kamba iliyosokotwa wakati wa mvua ikakatikia kisimani, mchimbaji wa visima akavunjika mguu. Mkuu wa wachimbaji, Mbaruku, akaja kiwandani, akasema taratibu, "Siku ya kumi nitashuka mwenyewe kwa kamba yenu. Ikikatika, mtanizika mimi na kiwanda chenu."

Hofu ikawaingia wote.

Nakundwa, mpima kamba, akaanza kuning'iniza mawe kwenye kamba. Akapima, akakata, akapima tena, mpaka vidole vikachubuka. Akapata kwamba gurudumu likae namba saba. Akaiandika kwenye daftari, daftari likafungiwa kabatini ofisini. Mafundi wakaambiwa ni saba. Wakaitikia ndiyo, kisha wakaligeuza gurudumu kama kawaida yao.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Nakundwa akasimama mwenyewe mashineni, akaweka saba, na kamba ikakatika. Akakaa chini akalia, maana siku zilikuwa zinakwisha.

Mzee Mhina, fundi wa miaka thelathini, alikuwa anajua kwa nini. Alijua tangu zamani, akanyamaza. Alinyamaza siku ya nne, akanyamaza siku ya tano. Siku ya sita akamwita Nakundwa pembeni.

"Binti yangu, mvua ikinyesha nyuzi zinakunywa unyevu. Siku hiyo weka tano. Nimelificha hili miaka yote, kwa sababu nikilisema, mtanihitaji kwa lipi?"

Nakundwa akaandika saba ya jua na tano ya mvua. Daftari likarudi kabatini. Kesho yake karani mwenye ufunguo akaenda msibani, na mafundi wakaendelea kugeuza.

Palikuwa na mfagiaji, Semeni, ambaye kila siku ndiye aliyezoa vipande vya kamba zilizokatika. Akamwomba Nakundwa amtajie zile namba. Akaokota ubao, akaandika kwa rangi nyekundu: JUA SABA, MVUA TANO. Akautundika kando ya gurudumu, usawa wa macho. Chini yake akafunga kipande cha chaki, akaongeza maneno haya: ATAKAYEGEUZA AANDIKE JINA NA SABABU.

Fundi wa kwanza akaja, akashika chaki, akaandika jina. Sababu hakuwa nayo. Akafuta jina lake, akaliacha gurudumu. Wa pili vilevile. Siku ya tisa mmoja akaandika, "Wingu zito, nimeweka sita," na kamba yake ikashika. Mafundi wakaisoma, wakaiacha ubaoni.

Siku ya kumi kulikucha na mvua. Fundi wa zamu, wala si Mhina, akatazama ubao, akaweka tano, akasokota. Mbaruku akajifunga kamba kiunoni, akashuka katika kisima cha kiwanda. Kamba ikalia. Mzee Mhina akafumba macho. Alipofika chini kamba ikanyamaza, na baada ya muda mrefu Mbaruku akapanda juu, ameloa, mzima. Akasema kamba za mwaka mzima atachukua hapo.

Mngedhani walisherehekea. Mwenye kiwanda akautazama ubao, akasema sasa kazi hii kila fundi anaiweza. Anahitaji msimamizi mmoja tu wa gurudumu. Kati ya Nakundwa, Mzee Mhina na Semeni, wawili wataagana naye mwisho wa mwezi.

Nakundwa akasema, "Bila mawe yangu, hakuna namba."

Mzee Mhina akasema, "Bila tano yangu, leo mngekuwa mnachimba kaburi. Nilijua nikisema nitafukuzwa, na nikasema."

Nakundwa akamjibu kwamba angesema mapema, mguu wa mtu ungekuwa mzima.

Semeni akasema, "Namba zilikuwapo kabatini, na kamba zilikatika, nikazizoa. Kamba zilianza kushika lini?"

Mwenye kiwanda akafuta ubao upande mmoja apate pa kuandika jina la msimamizi. Akashika chaki. Mkono ukasita, kwa sababu ubao ule haupokei jina tupu.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mnanitazama, chaki nawapa. Mngeandika jina la nani, na sababu gani?